Gitaa Chini ya Taya

Habari kwamba Abdulghani ameleta vyombo vya muziki zilifika mtaa wa Kwanjeka kabla ya vyombo vyenyewe. Tanga ndivyo ilivyo. Mtu hajafungua mzigo wake, jirani ameshajua rangi ya kilichomo. Wakasema ni kontena zima kutoka Ulaya kupitia Dubai, wakasema kuna magitaa ambayo hata Mombasa hayajaonekana, na kila aliyepokea habari aliitia chumvi kidogo kabla ya kumpa mwenzake. Lakini jambo moja halikuhitaji chumvi. Abdulghani alikuwa ametamka mbele ya watu, kwenye baraza ya duka lake, kwamba vyombo hivyo atavichagua Fundi Shaib na si mtu mwingine, na gitaa atakalolichagua atalipiga mwenyewe Idi Pili, ukumbi wake mpya utakapofunguliwa.

Shaib aliipata habari hiyo kwa Manase, rafiki yake na mpiga gitaa la ridhimu wake wa tangu ujana, Mbondei wa Muheza mwenye sauti nene. Manase ilibidi aseme mara mbili, na mara ya pili alimshika bega akamgeuza.

"Utalipiga wewe, kaka! Wewe!"

Shaib akacheka, akamshukuru Mungu, akampa Manase mkono. Kisha akaingia ndani, akaketi kitandani, akaogopa. Masikio yake yalikuwa yamekufa.

Hayakufa yote kwa pamoja. La kushoto, lililosimama upande wa amplifaya miaka yote ya dansi, lilikuwa limekwenda kabisa. La kulia lilibakiza sauti nzito tu: ngoma, lori, mlango uliobamizwa. Sauti nyembamba zilikuwa zimemtoka zote, za ndege na za watoto na za uzi wa kwanza wa gitaa, na mahali pake pakakaa mlio mmoja wa nyenje usiolala usiku wala mchana. Mtu akisema naye uso kwa uso, kwenye mwanga, aliambulia maneno kwa kutazama midomo. Mtu akigeuka, maneno yalikwenda na uso wake.

Na wala hakujua yalianza kufa lini. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, mzee aliyekuwa mwenye vyombo vya Kwanjeka Jazz, bendi yao, aliingiwa na hofu. Magitaa yake yalikuwa yamepita njia ya magendo ya Moa, hayana risiti wala mfano wa risiti, na mgambo walikuwa wanaingia nyumba hadi nyumba, mtu anakamatwa kwa katoni ya sabuni. Akavifunga vyombo vyote kwenye turubai, akavifukia pwani katika shimo la makumbi la mkewe, mle wanawake wanamofukia maganda ya nazi kwenye tope la chumvi mpaka yalainike ya kusokota kamba. Nani angepekua shimo linalonuka vile? Kweli, hakuna aliyepekua. Msako ulipopita wakafukua, wakakuta tope limeyafanyia magitaa kazi ile ile linayoyafanyia makumbi. Shingo zilikuwa zimebanduka, na mbao zilichimbika kwa ukucha. Mzee wa watu alikaa pale pale matopeni akalia mbele ya vijana wake. Nao wapigaji, ambao katika mji huu hawajawahi kumiliki hata mkanda wa kuvalia gitaa, maana vyombo ni vya mwenye vyombo, wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Ikafuata miaka ya foleni na unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Shaib alipata kibarua katika ghala la mkonge, na jioni alimsaidia Mwatum, mkewe, kusokota kamba. Ndani alikuwa na gitaa kavu moja bovu, lisilo la umeme, nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli, akilipiga huku ameliegemeza kwenye taya. Ndani ya taya lilisikika vizuri tu. Basi angejuaje? Redio haikuwa na betri, dansi halikuwepo, mji ulikuwa gizani nusu ya juma. Nchi nzima ilikuwa imenyamaza, na yeye alidhani ukimya ni wa nchi. Ilipokuja ruksa ya biashara, maduka yakajaa na kila baraza ikawa na redio yake, ndipo alipoona watu wanatikisa vichwa kwa kitu ambacho yeye hakipati.

Taya hilo lilikuwa na historia yake. Zamani, bendi ikitaka kununua gitaa, kuanzia Korogwe mpaka Mombasa, ilimtafuta Shaib. Hakuanza kwa kulichomeka kwenye umeme kama wengine. Alilinyanyua hivyo hivyo, kavu, akaiegemeza pembe yake kwenye mfupa wa taya, akapiga uzi mmoja, akafumba macho. Mti wa kweli, alikuwa akisema, unasema mpaka kwenye meno. Rangi na nikeli ni mapambo ya duka. Na jukwaani alifanya vivyo hivyo. Wimbo wa mwisho wa Kwanjeka Jazz ulikuwa na desturi yake: ukifika mahali fulani wenzake wote waliacha, wakamwachia gitaa peke yake, naye alilinyanyua mpaka kwenye taya, akapiga macho yamefumbwa, na watu wakapiga kelele, "Ling'ate, Shaib! Ling'ate!" Basi jina lake mjini lilikuwa jina la sikio. Ikijulikana kwamba sikio limekufa, hana mbele wala nyuma.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kushika gitaa la kweli mara moja, asimame jukwaani Idi Pili mji umwone, halafu aumwe mgongo au apate udhuru wowote ule, astaafu na jina lake. Hilo tu.

Mwatum alikuja akasimama mbele yake, karibu sana. Siku hizi alikuwa na tabia hiyo, akitaka kusema neno sharti amkabili mtu kama anayetaka ugomvi, na Shaib alidhani ni ukali wa uzee.

"Baba Tuhfa, utaweza?"

"Kuchagua? Mie nimechagua vyombo tangu wewe hujui kusuka nywele."

"Sikuulizia kuchagua," alisema Mwatum, kisha akarudi kwenye kamba zake.

*

Ghala la Abdulghani lilikuwa karibu na stesheni ya reli. Abdulghani mwenyewe, kijana wa biashara aliyenenepa pamoja na ruksa, aliwapokea mlangoni kwa heshima zote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," akajibu Shaib, kwa sauti iliyowashtua wapagazi. Sauti yake mwenyewe nayo ilikuwa imempotea kipimo.

Magitaa ya umeme yalikuwa matatu, yamelazwa ndani ya masanduku yenye mahameli kama mali ya bibi harusi. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, na macho ya Abdulghani yalikuwa hayatoki hapo. La pili jeusi, zito la kuumiza bega. La tatu lilikuwa la kahawia, la zamani, limechubuka mgongoni kwa chuma cha mkanda wa mpigaji fulani wa huko lilikotoka, na rangi ya shingoni imelika kwa vidole.

Shaib akalinyanyua jekundu, akaliweka kwenye taya. Sauti ilifika kwenye mfupa ikafia hapo. Akalirudisha sandukuni. Jeusi lilikuwa na sauti nene, nzuri kiasi, lakini ilijibana, haikutaka kutoka. Kisha akalichukua lile la kahawia, akapiga uzi wa tatu.

Sauti ikapanda kwenye mfupa, ikaingia kichwani, ikakaa. Nyenje akanyamaza. Shaib alisimama pale amefumba macho, uzi bado unaimba, unapungua polepole bila kutetereka, na chini yake akausikia mti wenyewe, mkavu, uliozeeka vizuri. Akapiga uzi wa kwanza, ule ambao waya wa breki haukuweza kumpa miaka yote. Ulikuwepo. Machozi yakamtoka na hakujali nani anatazama.

"Hili," alisema.

"Hilo lililochubuka?" Abdulghani alicheka, kisha akaona uso wa fundi, akaacha. "Haya. Wewe ndiye mwenye sikio."

Magitaa makavu yalikuwa mawili. Shaib alinusa ndani ya tundu la kila moja, akabisha kifuani kwa kidole, akaliweka kwenye taya, akampa Manase lile lenye uso wa mti mweupe uliogeuka rangi ya asali. Manase alipiga kidogo akatikisa kichwa kwa mapenzi. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa na neno, na Shaib akaanza kuamini kwamba Mungu amemsitiri.

Zikabaki amplifaya. Hapo taya halisaidii.

Zilikuwa tatu. Moja ya Kijapani, nyepesi, mpya kabisa. Mbili za Kiingereza za zamani, zile za valvu, zenye vitaa vya kioo nyuma ambavyo sharti vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Moja ndogo, na moja kubwa kama kabati, kitambaa chake cha mbele kimefifia. Shaib akamwambia Manase apige gitaa la kahawia, yeye akapiga goti na kuweka kiganja juu ya kila moja kwa zamu, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza kwa makini. Ya Kijapani ilimtekenya kiganja tu. Ile ndogo ya valvu ilikuwa na mtetemo laini, mpole, wa chini chini. Lakini kubwa! Kubwa ilimrukia mkono mpaka kwenye kiwiko, sanduku zima likacheza, ubao wa sakafu ukamgonga goti.

"Hii ina roho!" Shaib alisema. "Hii ndiyo amplifaya. Hizo nyingine wapelekee wa harusi."

Akainua uso. Abdulghani alikuwa amekunja uso kama aliyetafuna ndimu. Wapagazi wawili walikuwa wanatazamana. Manase alikuwa amesimama na gitaa, vidole viko juu ya nyuzi na havisogei.

Abdulghani akasema kitu, lakini alikisemea lile sanduku. Manase akageuka, akampa Shaib mgongo, akazungumza na tajiri kwa muda. Shaib aliona tu kichwa cha Abdulghani kinakataa, kisha kinasita, kisha kinakubali. Nani angebishana na Fundi Shaib? Mtu aliyeyasikia magitaa ya nchi mbili akisema hii, basi ni hii, na kama masikio yako yanakwambia vingine, kasoro ni ya masikio yako.

"Anauliza kama ndiyo hii hii," Manase alimwambia, uso kwa uso, polepole. "Nimemwambia ndiyo."

*

Siku tatu kabla ya Idi, Shaib aliwahi kufika ukumbini, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mapema kuliko walivyoagana. Alimkuta Manase peke yake jukwaani. Ile amplifaya kubwa ilikuwa imefunguliwa mgongo na spika imelazwa kifudifudi juu ya gazeti. Manase alikuwa na kopo la gundi na vipande vya karatasi, vidole vyote vimenata.

Karatasi ya spika ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, unaotoka katikati mpaka ukingoni. Shaib aliutazama. Aliwahi kuzisikia spika za namna hiyo, enzi zake. Kila ukipiga uzi zinakoroma, zinatapika, mbwa wanakimbia. Hiyo ndiyo roho aliyoisifu.

Manase alimwona, akababaika, kisha akajikaza.

"Panya, kaka. Panya wa ghala hawa hawana adabu. Wametafuna juzi tu."

Kingo za ule mpasuko zilikuwa nyeusi kwa vumbi la miaka. Panya wa juzi hakuhusika. Shaib alijua hivyo, na Manase alijua kwamba anajua, na wote wawili wakainama juu ya spika kama wauguzi. Shaib akashika kopo, Manase akabandika. Ulikuwa ndio wakati wa kusema. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi, akalimeza. Idi Pili tu, alijiambia. Idi Pili moja, halafu basi.

"Panya wabaya sana," alisema.

*

Dansi la Idi Pili lilikuwa la mchana, la watu wote, madirisha wazi na jua linaingia. Ukumbi ulijaa mpaka barazani. Walikuja waliocheza Kwanjeka Jazz walipokuwa vijana, sasa na wajukuu mikononi, na nguo za Idi zinanukia udi. Juu, pangaboi nne mpya za Abdulghani zilikuwa zinazunguka kwa fahari. Mwatum, ambaye miaka yote hakuwahi kukanyaga dansi, alikuja na buibui lake akakaa karibu na mlango pamoja na wanawake wengine.

Shaib aliipanga amplifaya nyuma yake, karibu, ili mgongo uisikie. Mdundo wa ngoma aliupata kwa nyayo kupitia mbao za jukwaa, na mahali pa kubadilisha alipaona kwenye mkono wa kushoto wa Manase, ambaye alisimama amemgeukia yeye badala ya watu. Nyimbo za kwanza zikapita salama. Alikosea mara moja, Manase akamfuata kwenye kosa, likawa si kosa. Watu wakacheza. Abdulghani alikuwa amekaa mbele, ameridhika, anapunga hewa kwa kofia.

Ukafika wimbo wa mwisho. Ukafika mahali pake. Ngoma ikaacha, besi ikaacha, Manase akaacha. Shaib akaona midomo ya watu inafunguka kwa pamoja, ling'ate, ling'ate, na akalinyanyua lile gitaa la kahawia, akaliweka chini ya taya, akafumba macho.

Na akasikia. Ee Mola, akasikia! Kila uzi ulikuja na mwili wake, wa kwanza mwembamba, wa sita mzito, hakuna kinachokoroma, hakuna nyenje. Alipiga sauti zile za zamani, kisha akaanza kupiga ambazo hakuwahi kuzipiga, zilizokaa ndani yake miaka yote ya foleni zikingoja chombo. Alipiga tope la makumbi na yule mzee anayelia. Alipiga mpaka akaona hana tena la kusema, akaachia uzi wa mwisho uimbe wenyewe hadi uishe.

Alipofungua macho, watu walikuwa wamesimama kimya, wote wanamtazama. Hakuna aliyecheza. Moyo ukamjaa furaha. Zamani ilikuwa hivyo hivyo, aliwapiga mpaka wakasahau miguu yao. Akatabasamu, akainamisha kichwa. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kisha wengine, kisha wote. Lakini nyuso zao hazikuwa nyuso za makofi. Mwanamke mmoja karibu na jukwaa alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Abdulghani alikuwa ametazama sakafu.

Shaib akageuza macho juu. Pangaboi zilikuwa zimesimama.

Akageuka nyuma. Vile vitaa vya kioo vya amplifaya vilikuwa vyeusi. Umeme ulikuwa umekatika, hakujua saa ngapi, labda alipoanza tu, na yeye alikuwa amesimama mbele ya mji wa Tanga amefumba macho, anapiga gitaa lisilotoa sauti, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumgusa. Akamtazama Manase. Manase alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Aibu ilimpanda Shaib kutoka miguuni, akatamani ardhi ipasuke, na haikupasuka.

Pangaboi zikaanza kuzunguka tena, taratibu. Vitaa vikaanza kuwa vyekundu. Watu walikuwa bado wanangoja.

Shaib akavua mkanda, akamvalisha Manase gitaa la kahawia.

"Kaka, hapana," ilisema midomo ya Manase.

"Lipige wewe," alisema Shaib. "Spika ni yako, umeitibu mwenyewe."

Akashuka ngazi za jukwaa. Watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji, kama wanavyompisha mgonjwa. Mwatum alikuwa ameshasimama mlangoni.

Walikwenda bega kwa bega, bila haraka, mpaka wakauacha ukumbi nyuma. Watoto wa Idi walikuwa wanapuliza filimbi barabarani na yeye aliyaona tu mashavu yao yamevimba. Kwa pembe ya jicho akaona buibui la mkewe linatikisika mdomoni, anasema kitu. Siku zote, hapo angeitikia ndiyo, au angecheka kidogo, akabahatisha. Akasimama.

"Sema tena, mke wangu. Sikukusikia."

Mwatum akazunguka akaja mbele yake, karibu, kama alivyokuwa akifanya mwaka mzima, na sasa Shaib akaelewa kwamba haukuwa ukali.

"Nimesema nilikaa mbali," alisema Mwatum, polepole. "Sikupata hata uzi mmoja. Ulikuwa unapiga nini?"

Alijaribu kuuimba pale pale njiani, akaona kwa uso wa Mwatum kwamba sauti haikwenda mahali pake, akaacha. Nyumbani akalitungua ukutani lile gitaa bovu lenye nyuzi za breki. Akamkalisha Mwatum kwenye mkeka, juu ya kamba zake ambazo hazijaisha, akamshika kidevu, akaiegemeza pembe ya gitaa kwenye mfupa wa taya lake, akaanza tangu mwanzo.

Mwatum akafumba macho. Shaib alipiga akimtazama uso, maana taya sasa lilikuwa la mkewe, na yeye hakusikia kitu. Alipiga mpaka mwisho.